Hodi ya Simu: Kinachosemwa Kabla Faili Halijarushwa

Video ya MB 180 inayoonyesha jinsi ya kutambua mnyauko bakteria kwenye viazi mviringo inaweza kutoka Uyole, ikapita Mbalizi, ikafika Umalila na kuzunguka kijiji kizima kwa bando la mtu mmoja tu. Aliyeipata wa kwanza ndiye aliyeipakua. Waliobaki wameambiana "nirushie". Wanafunzi wa Iyunga na wa Mkwawa wanarushiana vitini namna hiyohiyo. Wauza simu wa Mwanjelwa wanamrushia mteja programu kabla hajatoka dukani, na abiria wa basi linaloteremka Kitonga wanarushiana nyimbo kiti kwa kiti. Ni njia nzuri, inaokoa pesa ya mtu ambaye bando kwake si jambo dogo, na makala hii haikusudii kumtisha yeyote aiache.

Ila ukiwauliza watumiaji hatari yake iko wapi, wengi watakutajia faili: labda lina virusi, labda ni picha chafu. Hilo ni kweli, na tutalifikia. Kuna jambo jingine linalotangulia ambalo halisemwi sana. Kabla faili halijatembea hata hatua moja, simu mbili hupigiana hodi. Katika hodi hiyo simu yako hueleza mambo yako, na kila simu iliyo karibu inasikia.

Hodi kwanza, mzigo baadaye

Karibu mifumo yote ya kurushiana leo hutumia redio mbili kwa zamu. Ya kwanza ni Bluetooth ya nguvu ndogo. Hii ndiyo inayopiga hodi. Inatumia masafa ya gigahezi 2.4 yaliyogawanywa katika njia 40, na tatu kati ya hizo zimetengwa kwa matangazo. Tangazo moja la kawaida hubeba baiti 31 tu, maneno machache sana: mimi ni kifaa cha aina fulani, nipo, ninaweza kupokea. Kwa kuwa ni tangazo, halina mlengwa. Linakwenda kwa kila aliye ndani ya mita kumi hivi, na mwenye antena nzuri hulinasa kutoka mbali zaidi.

Simu zikishatambuana, Bluetooth inakabidhi kazi kwa redio ya pili, yaani Wi-Fi. Hapa hapahitajiki ruta wala intaneti. Simu moja inakuwa mwenyeji, inafungua mtandao mdogo wa watu wawili, ya pili inaingia, mzigo unapita, kisha mtandao unavunjwa. Kwenye Android kazi hii hufanywa na Wi-Fi Direct, iliyoanza kuwekwa kwenye vifaa mwaka 2010, au na hotspoti ya muda. AirDrop ya Apple, iliyokuja mwaka 2011, ina njia yake yenyewe, ndiyo maana kwa miaka mingi iPhone na Android hazikuweza kurushiana bila programu ya kati. Novemba 2025 Google ilitangaza kwamba Quick Share, mfumo wa kurushiana wa Android, kwenye simu zake za Pixel 10 inaweza kubadilishana faili na AirDrop, lakini kwa sharti kwamba mwenye iPhone aifungue ionekane na kila mtu kwa dakika 10. Sharti hilo likumbuke, litarudi.

Kwa nini redio mbili? Hesabu inajieleza. Chukua filamu ya MB 700. Bluetooth ya kawaida, ikipitisha megabiti 2 kwa sekunde, yaani robo ya MB, itaimaliza kwa dakika 47 hivi. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 kwenye simu ya bei nafuu, ikipitisha MB 5 kwa sekunde, itachukua dakika 2 na sekunde 20. Gigahezi 5, ikiwa simu zote mbili zinayo na zinakwenda MB 25 kwa sekunde, nusu dakika inatosha. Kwa hiyo ukiona kazi inajikokota na simu inasema dakika arobaini, jua Wi-Fi imekataa na mzigo umebaki kwenye Bluetooth. Sitisha, washa Wi-Fi kwa mkono pande zote mbili, anza upya.

Sokoni saa sita mchana mwendo hupungua kwa sababu nyingine. Gigahezi 2.4 ina njia tatu tu ambazo haziingiliani, namba 1, 6 na 11, na ruta za maduka yote zinagombania hizohizo. Mwili wa binadamu nao, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji, hunyonya mawimbi haya. Simu mbili zilizo juu ya meza, mita moja kati yao, zitamaliza mapema kuliko mbili zilizo mifukoni mwa watu waliopeana migongo.

Hodi inasema nini

Inasema jina. Simu nyingi huja na jina la kifaa linalochanganya jina lako la kwanza na aina ya simu. Ndani ya basi la usiku, mtu anayefungua orodha ya vifaa vilivyo karibu anasoma jina la binti aliye kiti cha nyuma, na pia anajua nani amebeba simu ya milioni mbili. Hili ndilo rahisi kuliko yote kulirekebisha: nenda kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu, badilisha jina liwe neno lisilokutaja wewe wala aina ya simu. Kwenye Android angalia mara mbili, kwa sababu jina la Bluetooth na jina la Quick Share huweza kuwa tofauti.

Inasema pia kifaa ni kilekile cha jana. Kila redio ina anwani yake ya kiwandani, yaani namba ya kuitambulisha, na zamani anwani hiyo ilitangazwa kama ilivyo. Mtu mwenye kifaa kidogo cha kusikiliza langoni angeweza kujua simu fulani imepita saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni, siku kwa siku. Simu za leo huficha hilo: Android 10 na kuendelea hubuni anwani ya Wi-Fi isiyo ya kweli kwa kila mtandao, iPhone zilifuata mwaka 2020, na anwani za Bluetooth ya nguvu ndogo hubadilika takriban kila baada ya dakika 15. Kinga hii hufa pale simu inapokuwa imeachwa ionekane kwa Bluetooth ya kawaida muda wote ikiwa na jina lilelile. Anwani ibadilike isibadilike, jina limeshasema.

Jambo la tatu ndilo zito, na hapa tutakaa kidogo.

Ukichagua kupokea kutoka kwa watu walio kwenye orodha yako ya majina tu, simu inapaswa kujua anayebisha ni nani. Lakini haiwezi kutangaza namba yako waziwazi. Kwa hiyo inaisaga. Mashine ya kusagia inayotumika sana huitwa SHA-256: namba inaingia kama punje, inatoka unga wa herufi na tarakimu 64, na hakuna njia ya kuugeuza unga huo urudi punje. Simu ya pili inasaga namba zote ilizohifadhi, inalinganisha unga kwa unga, ukifanana mlango unafunguka.

Kwenye karatasi mpango huu ni salama. Kasoro yake ni kwamba punje zenyewe ni chache. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ni 255 ikifuatwa na tarakimu tisa, ya kwanza ikiwa 6 au 7. Maana yake namba zote zinazowezekana kuwepo nchini hazizidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida husaga mamilioni ya namba kwa sekunde. Mtu anasaga zote, anahifadhi unga wa kila moja pamoja na punje yake, na tangu siku hiyo akinasa unga wowote anatazama tu umetoka wapi. Ni kazi ya dakika, tena inafanywa mara moja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, walilionyesha hili kwa AirDrop. Mwenye iPhone akifungua tu dirisha la kutuma, kabla hata hajachagua wa kumtumia, simu yake hupeleka namba yake na barua pepe yake zikiwa zimesagwa, na mgeni aliye karibu anaweza kuzinasa. Walimweleza Apple mwaka 2019, na mwaka 2021 wakachapisha mfumo mbadala usiotoa siri hiyo. Januari 2024 mamlaka za sheria za jiji la Beijing zilitangaza kwamba taasisi moja huko imefanikiwa kusoma kumbukumbu za AirDrop ndani ya simu iliyopokea faili na kupata namba na barua pepe za waliotuma, kwa kutumia majedwali ya namna hiihii. Waliorusha waliamini hawajulikani.

Msomaji wa Mbeya au Njombe aone kwamba kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko Ulaya. Namba zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Zaidi ya hapo, ukianza kutuma pesa kwa simu, jina la mwenye namba hutokea kwenye skrini kabla muamala haujakamilika. Huo ni utaratibu mzuri, umewaokoa wengi wasitume pesa kwa mtu siye. Lakini unamaanisha kwamba aliyepata namba yako kwenye hodi ya simu hahitaji ujuzi wowote kupata jina lako kamili. Ataanza muamala, atasoma jina, ataghairi. Kutoka mgeni wa kiti cha nyuma hadi majina yako yote ni dakika moja.

Xender na ndugu zake

Watu wengi huku hawatumii AirDrop wala Quick Share. Wanatumia Xender, SHAREit na nyingine za aina hiyo, kwa kuwa zinafanya kazi kwenye karibu kila simu, hata ya zamani. Zinafungua hotspoti upande mmoja, upande wa pili unaingia kwa kuskani msimbo wa QR. Ubora wa ulinzi unategemea kabisa mtengenezaji wa programu, na historia yake haifurahishi. Mwaka 2016 ilibainika kwamba SHAREit ya Windows ilikuwa ikifungua hotspoti yenye nywila 12345678 kwa kila mtu, toleo la Android lilifungua hotspoti isiyo na nywila kabisa, na mafaili yalipita bila kusimbwa. Yalirekebishwa. Februari 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Trend Micro ikaeleza udhaifu mwingine kwenye SHAREit ya Android, programu ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja.

Swali tunaloulizwa sana: kwa nini Xender inataka niwashe mahali nilipo (location), wakati ninarusha wimbo kwa mtu aliye mbele yangu? Kuanzia Android 6 hadi 11, programu yoyote inayotafuta vifaa vya Bluetooth au Wi-Fi vilivyo karibu ililazimika kuomba ruhusa ya mahali. Google ilikuwa na sababu ya haki. Orodha ya ruta zilizo karibu nawe inakutaja mahali ulipo: ruta za maduka ya Kabwe hazihami, na anayejua ziko wapi anajua uko wapi. Android 12 ilileta ruhusa ya pekee ya vifaa vya karibu upande wa Bluetooth, na Android 13 ikafanya hivyo upande wa Wi-Fi. Kwa hiyo kwenye simu ya Android 13 au mpya zaidi, programu ya kurushia inayong'ang'ania kujua mahali ulipo muda wote, hata ukiwa umeifunga, inataka zaidi ya kazi yake. Inyime. Anwani za watu, ujumbe mfupi na maikrofoni nazo hazihitajiki kurusha faili. Zikiombwa, kwa kawaida ni kwa ajili ya kitufe cha kuhamisha simu nzima kwenda simu mpya. Kitufe hicho kibonyeze tu ukiwa unahama simu kweli, kwa sababu hubeba majina yote uliyohifadhi.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Zima data kwanza, pande zote mbili. Zima VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya siri, kwa kuwa huzuia simu kuonana hata zikiwa zimeshikana mikono, na zima hali ya kuokoa betri, inayolaza redio. Mmoja afungue hotspoti kutoka ndani ya programu, mwingine askani msimbo kwenye skrini ya mwenzake. Usichague jina kutoka kwenye orodha, maana mtu yeyote anaweza kuipa simu yake jina la rafiki yako. Simu ikisema mtandao huu hauna intaneti na kuuliza kama uendelee, kubali; ukikataa au ukikaa kimya, itarukia mtandao mwingine na kazi itakatika ikiwa imefika asilimia 30. Mkimaliza, toka ndani ya programu, kisha shusha upau wa juu uhakikishe hotspoti imezimwa kweli.

Hatua ya kuzima data ina sababu ya pili. Ukifungua hotspoti ya kawaida ya simu huku data imewashwa, simu ya mgeni inaona Wi-Fi na kudhani ni ya bure. Hapo hapo inaanza kuhifadhi nakala za WhatsApp, kupakia picha na kusasisha programu. GB 1 inaweza kwisha kabla wimbo wa tatu haujafika.

Mzigo wenyewe

Picha inayorushwa kwa Bluetooth, Quick Share au Xender inafika kama ilivyotoka kwenye kamera, pamoja na maelezo yaliyofichwa ndani: tarehe, saa, aina ya simu, na ikiwa kamera imeruhusiwa, nukta ya mahali ilipopigwa. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuyaondoa maelezo hayo, lakini ikitumwa kama hati hayaondoki. Watu waliozoea WhatsApp hudhani njia zote ziko hivyo. Mama anayerusha picha ya mwanawe iliyopigwa nyumbani anaweza kuwa amerusha na ramani ya kufika nyumbani. Zima kuhifadhi mahali ndani ya mipangilio ya kamera. Kwa picha za zamani, njia rahisi ni kupiga picha ya skrini na kurusha hiyo.

Programu zinazorushwa zina mashaka yake. Kwanza mara nyingi hazisimiki, na fundi hulaumiwa bure. Tangu Agosti 2021 Google imetaka programu mpya zipelekwe dukani kwake kwa mfumo unaozigawa vipande kulingana na kila simu. Simu yako ilipokea vipande vyake. Ukirusha kimoja tu, mwenzako ataambiwa programu haijasimikwa. Programu za kurushia zinazojua kukusanya vipande vyote hufaulu, nyingine hapana. Pili, kusimika programu iliyorushwa kunakudai uruhusu chanzo kisichojulikana. Ruhusa hiyo watu huiacha wazi daima. Ifunge kila ukimaliza. Na WhatsApp zilizobadilishwa rangi, zile zinazorushwa bwenini zikidaiwa kuona ujumbe uliofutwa, usizipokee hata kutoka kwa ndugu: ndugu yako hajui aliyeibadilisha alibadilisha nini kingine.

Faili likizidi GB 4 na likakataa kuingia kwenye memori kadi, kadi imepangwa kwa FAT32, ambayo haihifadhi faili kubwa kuliko hapo. Hifadhi kwenye simu yenyewe.

Mlango uliosahaulika wazi

Hadi mwaka 2022 mwenye iPhone aliyechagua kupokea kutoka kwa kila mtu alibaki hivyo mpaka akumbuke kubadili. Watu walirushiwa picha chafu ndani ya treni na ndege na wasiowajua, na picha ndogo ya kilichotumwa hutokea kwenye skrini kabla hujakubali. Desemba 2022 Apple iliweka kikomo cha dakika 10 duniani kote. Quick Share ina kikomo kama hicho, ila baadhi ya matoleo ya watengenezaji wa simu bado yanakuruhusu kuacha wazi. Weka ionekane na vifaa vyako mwenyewe tu, fungua kwa kila mtu unapohitaji, na zikiisha dakika zako angalia kama imejifunga. Ukitumia orodha ya majina na bado mwenzako haonekani, hakikisha umemhifadhi pamoja na barua pepe ya akaunti yake ya Google. Namba fupi ya kulinganisha ikitokea kwenye skrini zote mbili, isomeni kwa sauti. Ikitofautiana, kuna wa tatu kati yenu.

Kompyuta nazo zisisahaulike, hasa za vibanda vya kuweka nyimbo na filamu. Agosti 2024 watafiti wa kampuni ya usalama ya SafeBreach walionyesha udhaifu 10 kwenye Quick Share, karibu wote upande wa Windows, mmojawapo ukiwezesha kusukuma faili ndani ya kompyuta bila mwenyewe kukubali. Google ilirekebisha, lakini marekebisho hayo yanamfikia tu aliyesasisha.

Simu za zamani ndizo zinazotupa wasiwasi mkubwa. Desemba 2023 ulitangazwa udhaifu wa Bluetooth unaoruhusu kifaa cha mgeni kujifanya kibodi, kikaungana na simu bila mwenyewe kuthibitisha, na kuanza kubonyeza kwa niaba yake. Inatosha Bluetooth iwe imewashwa. Android 11 hadi 14 zilipata marekebisho mwezi huohuo. Android 10 kurudi nyuma hazikuletewa, na simu hizo bado ziko mikononi mwa watu wengi kuanzia Makambako hadi Tunduma. Fungua mipangilio, nenda sehemu inayoeleza kuhusu simu, gusa toleo la Android, soma tarehe ya marekebisho ya usalama. Ikiwa ni kabla ya Desemba 2023, au Android yenyewe ni 10 au chini yake, washa Bluetooth wakati wa kurusha na uizime faili likishafika, kabla hujarudisha simu mfukoni.